Mtungi wa moto una kadi ya ukaguzi, aliyekaa pembeni yake je?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wako wa barua za wasomaji nizungumzie viti. Najua ukitaja viti nchi hii watu akili inakimbilia bungeni, viti maalum na mambo hayo, hapana, mie nazungumzia kiti cha kukalia, hiki cha ofisini, ambacho kilinunuliwa kikiwa na magurudumu matano na sasa hivi yamebaki manne na ukiegemea vibaya kinataka kukumwaga.

Mimi ni mhasibu tu kwenye kampuni binafsi hapa Dar es Salaam, na pia ni mjumbe wa kamati ya usalama na afya kazini kwetu, cheo ambacho hakina posho wala hakigombewi, ukichaguliwa watu wanakupa pole. Kupitia hicho cheo nimeona jambo ambalo sidhani kama liko kwetu peke yetu. Ukaguzi ukikaribia ofisi inachangamka, mitungi ya kuzimia moto inapelekwa kujazwa, sanduku la huduma ya kwanza ambalo lilikuwa limebaki na mkasi na plasta moja linajazwa vitu, mlango wa dharura unaondolewa maboksi, waya zilizokuwa zinaning'inia zinafungwa vizuri. Yote hayo mazuri na siyabezi hata kidogo, moto haupigi hodi. Lakini yule mtu aliyekaa hatua mbili kutoka kwenye mtungi, anayeingia saa mbili asubuhi na kutoka saa kumi na moja jioni, na mwisho wa mwezi tukifunga mahesabu anatoka usiku, huyo hakuna anayemuuliza amekaaje. Mtungi una kadi shingoni inayoonyesha umekaguliwa lini na nani aliyesaini. Yeye hiyo shingo ndo inayouma na kadi hana.

Ninachokiombea nafasi hapa ni tathmini ya sehemu ya kufanyia kazi, wenyewe wataalamu wanaita ergonomia, yaani anakuja mtu anayejua anakuangalia unavyofanya kazi kwenye meza yako mwenyewe, anapima kiti, meza, skrini, mwanga, anakuuliza unaumwa wapi, halafu vitu vinarekebishwa vikufuate wewe, sio wewe ujikunje uvifuate vyenyewe. Wengi wakisikia hivyo wanadhani ni mambo ya kununua viti vya milioni. Sio hivyo kabisa na nitaeleza.

Kwetu mtaalamu alikuja, na ukweli usemwe, alikuja kwa sababu mkubwa mmoja alishikwa na kiuno akalala nyumbani, aliporudi amefunga mkanda tumboni ndo ghafla mgongo ukawa ajenda ya kikao. Mgongo wa karani haujawahi kuwa ajenda, ila hayo tuyaache. Mtaalamu mwenyewe ni wa fiziotherapia, nilidhani atakuja na mamashine, kaja na futi ya fundi cherehani, simu ya kupigia picha na karatasi ya maswali. Akaenda kukaa nyuma ya dada mmoja wa kitengo cha madai akamwambia dada endelea na kazi zako kama kawaida, fanya kama sipo. Kama nusu saa nzima hakusema kitu, anaangalia tu na kuandika. Sisi tunachungulia huku tunacheka.

Alipomaliza akatuita na ndipo kicheko kilipokatika. Yule dada alikuwa amekaa ncha ya kiti, mgongo haujagusa kiegemeo hata mara moja, kwa sababu kiegemeo chenyewe kilishalegea, ukikiegemea kinarudi nyuma na wewe, kwa hiyo amekichoka na ameweka kimto kilichoshonwa kwa kanga ambacho nacho kinateleza. Chini ya meza yake kulikuwa na ile CPU ya kompyuta pamoja na maboksi mawili ya vocha za malipo za miaka ya nyuma tunazozitunza kwa ajili ya wakaguzi wa mahesabu, hivyo miguu haiingii chini ya meza, inabidi aipeleke kushoto, halafu monita ipo kona ya kulia maana ndiko waya ulikofika. Yaani kiuno kinaangalia Ubungo na uso unaangalia Posta, siku nzima, mwaka mzima. Maus iko mbali kwa sababu kati yake na kibodi kuna kikokotoo na kikombe cha chai, kila akitaka kubofya mkono unanyooka na bega linapanda. Na simu ya mezani ikilia anaibana kati ya sikio na bega aendelee kuchapa, kwa sababu mteja anataka jibu la salio hapohapo.

Akamuuliza unaumwa wapi, dada akashika bega la kulia, halafu akasema na usiku naamshwa na ganzi ya vidole, gumba, cha shahada na cha kati, nakung'uta mkono ndo naweza kulala tena. Tulikuwa tunamjua anavyokung'uta mkono hata ofisini, tukidhani ni mazoea yake. Mtaalamu akamwambia hiyo ganzi ya vidole hivyo vitatu mara nyingi inatokana na mshipa wa fahamu kubanwa kwenye kifundo cha mkono, aende hospitali apimwe asisubiri, maana ukikaa nayo sana misuli ya kwenye gumba inaweza kusinyaa na hapo hata kufunga kifungo cha shati inakuwa kazi.

Marekebisho yaliyofanyika siku ile ni haya, maboksi ya vocha yakaenda stoo, CPU ikasogezwa pembeni, monita ikavutwa mbele yake na kuinuliwa kwa rimu mbili za karatasi mpaka ukingo wa juu ukalingana na macho, maus ikaletwa jirani na kibodi, chai ikahamia upande wa kushoto. Kilichonunuliwa ni hedseti ya simu basi, na kiti akabadilishiwa na kimoja kilichokuwa chumba cha mikutano ambacho kilikuwa kinakaliwa kwa wiki saa mbili. (Siku karatasi zilipoisha kwenye printa mtu alikuja akachomoa rimu moja chini ya ile monita, skrini ikashuka, ikabidi nimtafute fundi atengeneze kipande cha mbao. Kwa hiyo wanaotaka kuiga rimu wajue kuna hatari hiyo.)

Sasa hapo nataka nikae kidogo kwenye suala la meza, kwa sababu ndo kitu ambacho hakionekani. Meza nyingi za ofisini hapa mjini, uwe umeagiza China au umechongesha Keko, zina kimo cha sentimita 73 mpaka 75 kutoka sakafuni. Chukua mwanamke wa kimo cha sentimita 155 hivi, na wa kimo hicho tunao wengi tu. Akikaa akatuliza miguu chini vizuri, viwiko vyake vinakuwa kwenye sentimita 63 au 65 hivi. Ili achape bila kuinua mabega inatakiwa kibodi iwe sawa na kiwiko, au chini yake kidogo. Hiyo meza imempita kama sentimita kumi. Ana njia mbili, akae hivyohivyo ainue mabega siku nzima kama mtu aliyemwagiwa maji ya baridi, au apandishe kiti. Akipandisha kiti viwiko vinakaa sawa lakini miguu inaning'inia, ukingo wa kiti unambana nyuma ya mapaja, jioni miguu imevimba viatu havivaliki, wanawake wa ofisini wanajua ninachosema na ndo maana chini ya kila meza kuna ndala. Dawa yake ni kigoda cha kuwekea miguu tu, kipande cha mbao chenye mteremko kidogo, fundi wa Keko anakupigia kwa mabaki ya mbao alizochongea kitanda cha mtu mwingine. Lakini nani amewahi kuona kigoda kwenye orodha ya manunuzi ya ofisi? Orodha inasema viti 20, vyeusi, vya magurudumu. Haisemi kiti kiweze kupanda na kushuka, haisemi kiegemeo kirekebishike, haisemi sehemu za mikono zisizuie kiti kuingia mezani. Halafu anashinda mwenye bei ya chini, vinakuja viti 20 vya mtu mmoja tu, mtu ambaye hayupo ofisini.

Na wale warefu nao wana yao, kaka zetu wa sentimita 185 wanagonga magoti kwenye droo na skrini iko chini kifuani kwao, wanainama kama wanatafuta sindano.

Ndo maana sina imani na mabango. Kuna ofisi zimebandika ukutani picha ya mtu amekaa vizuri, skrini usawa wa macho, magoti pembe mraba, na wanaona wamemaliza. Chukua suala la miwani. Kanuni inasema ukingo wa juu wa skrini ulingane na macho, sawa, lakini mzee wetu wa masijala ana miwani ya sehemu mbili, ya juu ya kuonea mbali na ya chini ya kusomea. Ukimwinulia skrini kama bango linavyosema inabidi anyanyue kidevu asome kwa sehemu ya chini, na shingo inakunjwa kwa nyuma siku nzima, umempa ugonjwa ambao hakuwa nao. Yeye skrini inatakiwa ishuke, au apate miwani ya kompyuta peke yake. Bango haliwezi kujua hilo, mtu aliyekuja akamwangalia kwa nusu saa anajua. Na wengi wetu tukishapita 40 macho ya karibu yanaanza kugoma, kwa hiyo huyo mzee hayuko peke yake.

Kuna mtu atasema mbona wazee wetu walifanya kazi ofisini miaka 30 kwenye viti vya mbao na hawakulalamika. Kwanza walilalamika, tulikuwa hatuwasikilizi. Pili kazi yenyewe ilikuwa nyingine. Karani wa zamani alikuwa anatembea jamani, jalada linatoka masijala linapelekwa kwa mkuu, linasubiriwa, linarudishwa, unashuka ghorofa unapanda, unakwenda kupiga mhuri, unakwenda benki na hundi. Siku hizi ndugu zetu walioko serikalini jalada liko e-Office, malipo yako MUSE, na zabuni tangu 2023 ziko NeST, kote huko kazi ni kubofya, kampuni binafsi nazo hivyohivyo na mifumo yao. Siipingi mifumo hata kidogo, mafaili kupotea kumepungua na rushwa ndogondogo za "subiri nilitafute faili lako" zimepungua. Nasema tu wakati mifumo inanunuliwa hakuna aliyefikiria kwamba mtu aliyekuwa anainuka mara nyingi kwa siku sasa hainuki mpaka akaswali au akale. Mafunzo ya kutumia mfumo yalitolewa wiki nzima kwenye hoteli, kukaa mbele ya mfumo hakuna aliyefundishwa.

Halafu ikaja laptopu. Baada ya lile wimbi la corona ofisi nyingi zimewapa watu laptopu, na watu tumefurahi maana ni kama umepewa kitu cha hadhi. Lakini laptopu ina kasoro ya kuzaliwa, skrini na kibodi vimeshikana, ukiiweka mikono istarehe shingo inainama, ukiiinua shingo istarehe mikono inaning'inia. Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa kilo tano hivi, ukikiweka wima mifupa inakibeba, ukikiinamisha misuli ya shingo ndo inayokishikilia, sasa ishikilie saa nane uone. Ufumbuzi wake watu wa kompyuta wanaujua siku zote, iinue laptopu juu ya kitu, chomeka kibodi na maus za pembeni. Vitu hivyo viwili Kariakoo haviwezi kufika hata posho ya kikao kimoja. Lakini omba uone, utaambiwa laptopu si ina kibodi yake?

Na wanaofanyia kazi nyumbani kwenye kochi, au kitandani, mto mapajani na laptopu juu ya mto, hao nisiseme mengi wanajijua.

Sitaki mtu aseme huu ni ugonjwa wa kuiga wazungu. Mwaka 1713 huko Italia daktari mmoja, Bernardino Ramazzini, aliandika kuhusu maradhi ya makarani na akataja mambo matatu yanayowaumiza, kukaa muda mrefu, mkono kurudia mwendo uleule, na akili kubanwa isikosee hesabu. Akaeleza kisa cha mwandishi mmoja wa hati ambaye mkono wa kulia ulichoka mpaka ukapooza, akajifunza kuandika kwa kushoto, na wa kushoto nao ukafuata njia hiyohiyo. Miaka 250 hivi kabla ya maus! Na Shirika la Afya Duniani linasema mwaka 2020 watu milioni 619 duniani walikuwa na maumivu ya kiuno, na kwamba ndo jambo linaloongoza kwa kuwafanya watu washindwe shughuli zao. Sio wote hao ni wa maofisini, wamo wabeba mizigo, wakulima, na mama zetu wanaoinama kufua, lakini na sisi tumo.

Sheria ipo. Sheria yetu ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi Na. 5 ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri ahakikishe mahali pa kazi hapamdhuru mfanyakazi, na OSHA, yaani Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, ipo tangu 2001 kwa kazi hiyo. Wenzetu Kenya sheria yao ya 2007 ina kifungu kizima, cha 76, kinachosema mwajiri ahakikishe sehemu ya kazi, vifaa na kazi yenyewe vinamfaa mfanyakazi na uwezo wake, wakaongeza mpaka kumkinga na msongo wa akili. Uingereza nao wana kanuni za kazi za kwenye skrini za mwaka 1992, zilizotokana na agizo la Ulaya la 1990, na hizo ndo nazipenda kwa sababu hazizungukizunguki. Ukitumia skrini kila siku kwa saa nzima au zaidi bila kupumzika, mwajiri lazima aitathmini sehemu yako, tathmini irudiwe ukihamishwa meza au ukibadilishiwa vifaa au ukilalamika maumivu, ukiomba kupimwa macho anakulipia, na kazi ipangwe uwe na vipumziko. Wanaofanyia nyumbani wamo pia. Na kuhusu vipumziko mamlaka yao ya usalama kazini inashauri dakika tano mpaka kumi kila saa kuliko dakika 20 kila baada ya saa mbili, na kupumzika maana yake sio kwenda kuvuta sigara tu, hata kuinuka kupeleka karatasi kunahesabika.

Hapo kwenye vipumziko nawaomba sana mabosi. Mfanyakazi akisimama kunyoosha mgongo dakika mbili unamuuliza "vipi, umemaliza kazi?", lakini akikaa saa nne mfululizo anaangalia TikTok kwa kujificha unaona anachapa kazi kwelikweli. Kiti kizuri hata kiwe cha bei gani hakimsaidii mtu asiyeinuka. Na hapa wafanyakazi nasi tuna lawama zetu, kuna wenzetu hata chakula cha mchana wanaletewa mezani, wali maharage mkono mmoja na maus mkono wa pili.

Kitu kinachoniumiza zaidi ni vidonge. Pita maofisini ufungue droo, utakuta diklofenaki, utakuta panadol, utakuta dawa ya kuchua mpaka ofisi nzima inanukia karafuu. Watu wanameza diklofenaki kila siku kama njugu ili wamalize ripoti, wameinunua duka la dawa bila kuandikiwa, na hizo dawa ukizizoea zinachubua tumbo na zinaweza kuharibu figo, hasa kwa mwenye presha. Mwajiri anaona hajapata gharama yoyote kwa sababu mtu hajaomba ruhusa ya kwenda hospitali. Gharama ipo, imehamia kwenye figo ya mtu.

Ukienda benki nako yaangalie yale makaunta, mtu yuko kwenye kiti kirefu miguu inatafuta pa kukanyaga. Vijana wa kupokea simu za wateja. Na wanafunzi wa field ambao kwa desturi yetu ndo wanaopewa kile kiti cha plastiki kilichopasuka au wanakaa pembeni ya meza ya mtu, wanaandika wamejigeuza upande. Wana miaka 21 hawaumwi bado.

Sasa maombi yangu, na nayaelekeza kwa wahusika.

OSHA, ambao nawaheshimu kwa kazi yao, nawaomba watuwekee fomu fupi ya Kiswahili, ukurasa mmoja, ambayo mfanyakazi anaweza kuijaza mwenyewe mezani kwake akiwa na rula. Kiegemeo kinashika mgongo? Miguu inafika chini? Skrini iko umbali wa mkono ulionyooshwa? Kuna mwanga wa dirisha unakupiga machoni au unaakisi kwenye skrini? Chini ya meza kuna nini? Unaumwa wapi na tangu lini? Fomu ya namna hiyo haigharimu kitu na ndo inayoonyesha nani anahitaji mtaalamu na nani anahitaji kuondolewa maboksi tu. Na kila mwaka Aprili 28, siku ya usalama na afya kazini, pale kwenye maonyesho pamoja na helmeti na mikanda ya kupandia juu pawekwe pia meza moja na kiti kimoja, watu wapite wakae wapimwe.

Waajiri nawaomba kitu kimoja kikubwa zaidi ya vyote, msinunue viti kabla ya kupima watu. Nimeona ofisi imenunua viti vya gharama, vile vya nyavu mgongoni, vinagawiwa kwa cheo, mkurugenzi ambaye nusu ya wiki yuko safari kapata chenye mto wa kichwani, na yule binti anayeingiza data kutwa kabaki na cha zamani. Kama fedha ni ya viti vitatu, wapewe watatu wanaokaa kuliko wengine wote, hata kama mmoja wao ni karani wa mkataba. Najua hilo gumu kwa desturi zetu, kiti kwetu ni heshima, lakini uti wa mgongo haujui cheo.

Na kwa wafanyakazi wenzangu wa Bara, kuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ambao mwajiri ndo anayeuchangia, hukatwi wewe, na unahusika na magonjwa yanayotokana na kazi, sio ajali peke yake. Kwenye orodha ya magonjwa ya kazini ya Shirika la Kazi Duniani ya mwaka 2010 yale ya misuli na viungo yamo, pamoja na lile la mshipa kubanwa kwenye kifundo cha mkono. Lakini ili kesi yako isimame inabidi ionekane kwamba ni kazi ndo iliyokufikisha hapo, na hapo ndipo karatasi ya tathmini inapokuwa na kazi ya pili. Kama kwenye faili lako kuna karatasi inayosema tarehe fulani meza ilikuwa hivi, alilalamika hivi, kikarekebishwa hiki, basi nyote wawili mna pa kuanzia, wewe na mwajiri. Bila hiyo ni neno lako na neno lake, na daktari atakuuliza labda ulibeba ndoo nyumbani. Kwa hiyo ukiumwa andika, hata kwa barua pepe fupi kwa afisa utumishi, usiishie kumwambia mwenzako wakati wa chai.

Kwetu nimeomba kwenye kamati kwamba kila anayeajiriwa na kila anayehamishwa meza apimwe ndani ya mwezi wake wa kwanza, na ile fomu ikae kwenye faili lake pamoja na mkataba. Bado wanajadili, wameniuliza bajeti, nimewaambia bajeti ni futi moja na mtu wa kuishika, mtaalamu aitwe kwa wale tu ambao fomu imeonyesha wana shida. Kama kuna msomaji ambaye ofisi yao imeshaanza kufanya hivi, ya serikali au binafsi, namuomba aandike kwenye ukurasa huuhuu aseme walianzaje na iliwagharimu kiasi gani, maana kikao chetu kijacho wataniuliza nani mwingine anafanya na sitaki kuwajibu Uingereza.

Msomaji wako,
Mjumbe wa kamati ya usalama na afya,
Dar es Salaam